Ndege na wageni wengine uani, bila kujiongezea kazi: nianze na nini?

KitiChaUani

Wakuu, naomba mwongozo kwa wanaolijua hili vizuri.

Ua wa nyuma una mita 6 kwa 4, ukuta pande tatu na upande wa nne ni nyumba yenye dirisha kubwa la kioo. Kuna mti mmoja wa kivuli, kichaka kimoja cha maua, na bomba la maji lipo. Siku za kazi muda ni dakika 20 asubuhi kabla ya kutoka, na jioni nusu saa hivi, mwili ukiwa umeshaisha. Kwa sasa wanapita ndege wachache, mijusi iko ukutani, na usiku kuna kitu kinachakura majani makavu.

Sitaki bustani ya maonyesho, wala sitaki kazi nyingine juu ya kazi. Nataka hao wageni waje wenyewe, mimi nikae nitazame, kichwa kitulie. Maswali yangu:

Nianze na chakula au maji? Niweke wapi ili nisije nikawa nawaandalia paka mlo? Mbu je? Na mwisho, hili la kwamba kutazama ndege kunapumzisha, lina ushahidi au ni maneno ya watu tu?

MajiKwanza

Maji, bila kufikiria mara mbili. Chakula kinachagua wageni: ukimwaga nafaka utapata wala mbegu, basi. Maji yanaita wote: wala wadudu, wala matunda, wanyonya nekta, nyuki, vipepeo, mjusi, na hata hicho kinachochakura usiku. Halafu maji hayaiti panya kama makombo yanavyowaita.

Chombo: sahani pana ya udongo, ile inayokaa chini ya chungu cha maua, kipenyo sentimita 35 hadi 45. Kina kianzie sentimita 1 au 2 pembeni na katikati kisizidi 5. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaweka beseni la kufulia, kisha wanalalamika kwamba ndege wanatua ukingoni, wanachungulia, wanaondoka. Ndege mdogo haingii kwenye maji asiyoona mwisho wake, na kwenye plastiki laini kucha zinateleza, hivyo anaruka kabla hajalowa. Kama chombo ulicho nacho ni kirefu, jaza kokoto mpaka kina kipungue. Sahani iliyopakwa rangi ya kung'aa kwa ndani nayo inateleza vilevile. Tandaza changarawe chini. Vyovyote iwavyo, weka jiwe moja bapa linalochomoza juu ya maji. Nyuki wanatua pale wanakunywa bila kuzama, na ndege waoga wanalitumia kama daraja.

Mahali: mita 2 hadi 3 kutoka kwenye kichaka. Chini ya hapo, paka anajificha ndani ya kichaka na kumfikia ndege kwa mruko mmoja. Ukiweka mbali sana, ndege aliyelowa, ambaye huruka mzito, hana tawi la karibu la kukimbilia, na wale waoga hawatashuka kabisa. Kuinua sahani kwenye kigingi cha mita moja hakumzuii paka kuruka, ila kunampa ndege nafasi ya kumwona akinyemelea. Iwe kwenye kivuli mchana, lakini si chini ya tawi wanalolala ndege, utasugua vinyesi kila siku.

Hilo dirisha lisikupite. Kanuni ya kawaida ni ama sahani iwe karibu na kioo chini ya mita 1, ili ndege anayeshtuka asipate mwendo wa kujiumiza, ama iwe mbali karibu mita 10. Mita 10 huna, na mita 1 itaharibu mpango wa paka. Kwa hiyo shughulika na kioo chenyewe: bandika vitone au chora mistari upande wa NJE, nafasi kati ya alama na alama isizidi sentimita 5, kioo kizima. Ile picha moja ya mwewe watu wanayobandika katikati haisaidii. Ndege haoni mwewe pale, anaona uwazi pembeni yake na anaelekea huko huko.

Sasa siri yenyewe ni tone. Maji yaliyotulia ndege anayaona akibahatika kupita juu yake, yanayodondoka anayasikia. Chukua chupa ya lita 2, itoboe chini kwa sindano, ining'inize nusu mita hadi mita moja juu ya sahani. Lenga tone moja kila sekunde. Matone 20 ni kama mililita 1, kwa hiyo saa moja inakula mililita 180 hivi, na lita 2 zinakwenda kama saa 11, yaani jua kuchomoza hadi kuelekea kuzama. Haitakuwa sawasawa: maji yakipungua kwenye chupa, mgandamizo unapungua na tone linachelewa.

Yanayoharibika: mfuniko ukibanwa kabisa, hewa haiingii na tone linakata baada ya dakika chache. Toboa tundu la hewa juu au legeza mfuniko. Tundu la chini nalo huziba kwa vumbi na chokaa ya maji. Chuja maji kwa kitambaa, na likiziba lichome upya kwa sindano ile ile. Anza na tundu dogo kabisa, maana kulipanua unaweza, kulipunguza huwezi. Na usijaze sahani pomoni asubuhi. Sahani ya sentimita 40 yenye kina cha wastani cha sentimita 2 inashika lita 2 na nusu hivi. Ikiwa imejaa, matone yote yanamwagika chini na kuacha tope. Ijaze robo tu, chupa itamalizia.

FundiMifereji

Nijibu la mbu, maana hapo juu limerukwa.

Kwenye joto, mbu anatoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10. Ukimwaga maji kila siku ya pili, kiluwiluwi hafiki popote. Mwaga kwenye udongo mkavu, usimwage kwenye mtaro, huko unawahamisha tu.

Ila kumwaga peke yake hakutoshi, na hili ndilo linalowashangaza watu. Yule mbu mwenye madoa meupe anayeuma mchana hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi. Unamwaga, unajaza maji mapya, mayai yanalowa na kuanguliwa. Kwa hiyo mara moja kwa wiki chukua brashi ngumu, sugua ule mstari wa ukingoni mzunguko mzima. Ni dakika mbili.

Usitie mafuta, mafuta ya taa wala sabuni ndani ya maji. Mafuta yanaharibu manyoya. Ndege hupoteza uwezo wa kuzuia maji na baridi. Sahani ikianza utelezi wa kijani, osha kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, suuza sana, anika juani mpaka ikauke na harufu iishe, ndipo ujaze.

Na kabla ya kuilaumu sahani, kagua mfereji wa paa, makopo, matairi na visahani vya chini ya maua. Mara nyingi mbu wanatoka huko.

KijikoKimoja

MajiKwanza umegonga penyewe kwenye maji, ila usikifukuze chakula moja kwa moja. Tatizo la chakula ni kipimo. Kijiko kikubwa kimoja cha nafaka ndogo asubuhi, kwenye sinia lililoinuliwa, kinatosha ua wa mita 6 kwa 4. Kipimo sahihi ni kile kinachokwisha ndani ya saa moja au mbili. Kikibaki mpaka jioni, umelisha panya, na panya wakizoea usishangae nyoka akija kuwatafuta.

Mkate usiwape, unajaza tumbo bila kulisha. Chochote chenye chumvi, hapana. Karanga ziwe mbichi, zisizo na chumvi, zilizovunjwavunjwa ili makinda yasikabwe, na zenye dalili ya ukungu tupa zote, usichambue. Sumu ya ukungu wa karanga inaua ndege, na haionekani kwa macho hata ukifuta ule unga wa kijani. Nusu ya tunda lililoiva, limechomekwa kwenye msumari mtini kwa urefu wa kichwa chako, inaleta wala matunda na vipepeo. Libanduliwe kesho yake.

Kwa wanyonya nekta, sukari nyeupe sehemu 1 kwa maji sehemu 4, hakuna rangi, hakuna asali. Asali iliyochanganywa na maji inachacha upesi na kuotesha kuvu. Kwenye joto badilisha kila siku. Ukiona imepata ukungukungu, imeshaharibika zamani. Kusema kweli kwa mtu aliyechoka, kichaka kimoja cha maua yenye umbo la mrija kinafanya kazi hiyo hiyo bila kuoshwa.

Jambo la mwisho, na hili ni zito: ukiona ndege amejivimbisha manyoya, macho nusu yamefumba, hakimbii unapomkaribia, ondoa chakula NA maji, osha kila kitu kwa klorini kama alivyoeleza Fundi, na usirudishe kwa wiki mbili walau. Kuna maradhi ya koo, hasa kwa njiwa na tetere, yanayoenea kwa mate yaliyobaki kwenye punje na maji. Ukiendelea kulisha kwa huruma, unawakusanya wagonjwa na wazima kwenye sinia moja.

MajiKwanza

Kijiko kimoja nakubali. Ila aliyeuliza kasema hataki kazi juu ya kazi. Mwezi wa kwanza maji tu, chakula baadaye akiona ana nguvu.

BundiMacho

Hicho kinachochakura usiku: kabla hujaogopa wala kufurahi, kitambue. Chekecha mchanga laini, tandaza unene wa sentimita 1 pale kinapopita, ulainishe kwa ubao jioni. Asubuhi soma. Nyayo za panya ni ndogo, vidole vinne miguu ya mbele na vitano ya nyuma, mara nyingi na mstari wa mkia katikati. Vinyesi vinasema zaidi. Vya panya ni laini, vimechongoka kama punje. Vikiwa vyeusi, vinavunjika, na ndani kuna vipande vya kung'aa vya magamba ya mende, ni vya mla wadudu: kalunguyeye, au chura wa nchi kavu, ambaye huacha kinyesi kikubwa kuliko unavyomdhania.

Ukithibitisha ni mla wadudu, huna la kufanya zaidi ya kutofanya. Acha majani makavu kwenye kona moja, mita moja ya mraba, kimo sentimita 10 hadi 15, mbali na mlango. Usitie mkono humo bila kutumia reki. Kalunguyeye asipewe maziwa, yanamharisha. Sahani ya pili ya maji chini ardhini inamtosha, kina sentimita 2 au 3. Kama ukuta wako umezunguka bila upenyo, tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya ukuta linampitisha yeye. Ukikuta ni panya, usilitoboe lile tundu. Safisha makombo kwanza.

Sumu ya panya usitumie kabisa ukitaka wageni wa usiku. Panya aliyekula sumu ya kuzuia damu kuganda hafi papo hapo, anazubaa siku kadhaa, na bundi anayemkamata anaimeza sumu hiyo. Dawa ya wadudu ndiyo kabisa: hata ndege wengi wanaokula mbegu hulisha makinda yao viwavi na wadudu. Ukinyunyiza, umefuta jiko lao.

Taa iwe ya rangi ya joto, isiyozidi kelvini 3,000 (kipimo cha rangi ya mwanga), imeelekezwa chini, na izimwe ukishaingia ndani. Popo akianguka uani usimshike kwa mkono mtupu. Kuumwa na popo ni suala la kichaa cha mbwa, si mchezo.

MitaSita

Swali la nne limeachwa peke yake, nalo ndilo lililokuleta hapa.

Ushahidi upo, ila usiuvute kupita kiasi. Mwaka 1984 Roger Ulrich alilinganisha wagonjwa 46 wa hospitali moja Marekani waliotolewa kifuko cha nyongo: waliokuwa na dirisha linaloonyesha miti walikaa wodini muda mfupi kidogo na kutumia dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Rachel na Stephen Kaplan, katika kazi yao ya 1989, wakaeleza sababu: umakini wa kujilazimisha, ule wa kazini, huchoka kama msuli. Kitu kinachovuta macho kwa upole bila kudai jibu, kama majani yanayotikisika au ndege anayeoga, kinaupa nafasi ya kurudi. Mwaka 2019 utafiti wa Michigan uliopima homoni ya msongo kwenye mate ulikuta faida kubwa kwa muda uliotumika inapatikana kati ya dakika 20 na 30. Masharti yake: kukiwa na mwanga wa jua, bila simu, bila kusoma, bila mazungumzo. Kundi lilikuwa la watu 36 tu, kumbuka hilo.

Mwaka huo huo ukatoka utafiti mwingine, ule unaosema dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili zinaendana na afya njema, watu karibu 20,000 wa Uingereza. Huo unanukuliwa kila mahali kuhusu bustani za nyumbani, na ni makosa: muda wa kukaa kwenye bustani yako mwenyewe haukuhesabiwa. Usiutumie kujipa moyo kwa ajili ya ua.

Kuna faida isiyohitaji nadharia, nayo ni ya macho. Ukitazama skrini kwa karibu, msuli unaobinua lenzi ya jicho umekaza kutwa, na unapepesa kope mara chache hivyo jicho linakauka. Kuanzia mita 6 hivi na kuendelea, ule msuli unalegea. Sasa angalia ua wako: mita 6 kwa 4, mshazari wake ni mita 7.2. Weka kiti kona moja na sahani karibu na kona ya mkabala, ukiacha nafasi ya mita 2 hadi kichaka, utapata mita 6 bila kuvunja ukuta wa mtu. Mgongo uwe ukutani, na jua la saa unayokaa liwe nyuma yako, usikunje uso. Mgongo ukiwa ukutani umbo lako halionekani dhidi ya anga. Ndege hushtuliwa na mjongeo kuliko rangi ya nguo.

Ratiba: asubuhi ndiyo saa yao, kisha jioni kabla ya jua kuzama. Mchana kweupe usitegemee kitu. Ukitoka, wote wataruka. Kaa tu. Dakika ya tano mjusi anarudi, ya kumi au kumi na tano ndege wa kwanza anashuka kwenye tawi, anashuka tena tawi la chini, anageuza kichwa kulia na kushoto, ndipo anaingia majini. Mtu akiinuka dakika ya nane kwa sababu "hakuna kitu", ameinuka kabla mambo hayajaanza. Ndiyo maana asubuhi ya dakika 20 unatakiwa utoke na kikombe chako mkononi tayari, si kuingia na kutoka. Chupa ijazwe usiku kabla ya kulala, tundu limezibwa kwa kijiti. Asubuhi unachomoa kijiti unakaa.

Simu ibaki ndani. Najua kuna Merlin, programu ya simu ya kutambua sauti za ndege, ni nzuri sana, itumie Jumapili. Siku ya kazi, ukianza kuhesabu aina, kujaza orodha na kupiga picha, umejitengenezea ripoti nyingine. Kamera ya mtego nayo hivyo hivyo: inarekodi yote, na jioni unajikuta unachambua picha 300 za jani linalopepea.

KitiChaUani

Mrejesho. Siku ya 9. Tone linafanya kazi, vitone vya dirishani vimekwisha kubandikwa, mchanga umeonyesha vinyesi vyenye magamba ya kung'aa. Shida mbili. Nyuki wamejaa kwenye sahani kuanzia saa nne, ndege wanasita. Na kunguru anakuja kuloweka mifupa, maji yananuka ndani ya nusu siku. Nihamishe sahani?

MajiKwanza

Usihamishe. Siku 9 ni chache. Kuna ndege wanaochukua wiki mbili tatu kukiamini kitu kipya, na kila ukisogeza sahani wanaanza uchunguzi upya.

Nyuki: weka kisahani cha pili kilichojaa kokoto, maji yafike nusu ya kokoto, kiguse kabisa sahani kubwa. Nyuki hukariri mahali. Wakishakizoea, siku mbili au tatu, kisogeze nusu mita kila siku mpaka kifike mita 3 upande ule usiokaa wewe. Wakati huo punguza mawe yanayochomoza kwenye sahani kubwa, libaki moja, ili kisahani kiwe kizuri zaidi kwao.

Kunguru: anapenda kina cha kuzamisha mfupa. Punguza maji hadi sentimita 2 na utandaze mawe bapa katikati, apakose pa kuloweka. Wadogo hawatajali. Mifupa iliyopo itoe leo, sugua, klorini, juani. Halafu chunguza inatoka wapi; jaa la jirani lisilofunikwa huwa halikosekani.

BundiMacho

Hongera kwa magamba. Usifagie ile kona.